Kampuni Haihitaji Kushinda Kesi

Yakitajwa makampuni makubwa yanayoibana serikali, wengi hufikiria rushwa. Katika kazi yangu ya mikataba ya kulinda uwekezaji, yaani ile baina ya nchi inayomruhusu mwekezaji wa kigeni kuishtaki serikali nje ya mahakama zake, shinikizo ninalokutana nalo zaidi ni halali kabisa: barua ya mawakili, yenye adabu zote, inayomkumbusha waziri kwamba kanuni anayokusudia kuitangaza katika Gazeti la Serikali huenda ikakiuka mkataba uliotiwa saini kabla hajaingia madarakani, na kwamba fidia itadaiwa.

Uruguay iliagiza maonyo ya afya yafunike asilimia 80 ya paketi ya sigara, na kila chapa iuzwe kwa aina moja tu. Mwaka 2010 kampuni ya sigara ya Philip Morris iliishtaki kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia, ikiegemea mkataba wa aina hiyo baina ya Uruguay na Uswisi. Hukumu ilitoka Julai 2016: kampuni ilishindwa, ikaamriwa kuilipa Uruguay dola milioni 7 za gharama. Wenzangu wengi huishia hapo, wakafurahi. Mimi huihesabu ile miaka sita, kisha huitazama New Zealand, ambayo mwaka 2013 ilitangaza kwamba sheria yake ya paketi zisizo na nembo ingesubiri kwanza hatima ya mashauri yaliyofunguliwa dhidi ya Australia kwa sheria kama hiyo. New Zealand yenyewe haikuwa imeshtakiwa na yeyote. Wapiga kura walikuwa na bunge lao na serikali yao, lakini ratiba ilipangwa na kesi ya nchi nyingine.

Nchini Kenya ushindani ulipitia mahakama za ndani. Kanuni za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014 zilipingwa na kampuni ya sigara ya BAT Kenya kuanzia Mahakama Kuu, zikaenda Mahakama ya Rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipoitupa rufaa ya kampuni Novemba 2019. Miongoni mwa vipengele vilivyolalamikiwa ni kile kinachotaka maofisa wa umma wakutane na sekta ya tumbaku pale tu inapolazimu kwa ajili ya kuidhibiti, matakwa yanayotokana na kifungu cha 5.3 cha mkataba wa Shirika la Afya Duniani kuhusu tumbaku. Kwangu hicho ndicho kiini cha shauri zima, kuliko hata picha za maonyo, kwa sababu kinagusa nani anasikilizwa kabla rasimu haijafika bungeni. Angalau huko muungano wa wanaharakati wa kupinga tumbaku uliingizwa kwenye shauri na ukasikilizwa. Usuluhishi wa kimataifa humtambua mwekezaji na dola, na raia hana kiti chake.