Je, wajua kwa nini goti la msichana huumia kwa urahisi kuliko la mvulana?

Katika viwanja vya shule za Dar es Salaam, timu za wasichana zinapojiandaa kwa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ipo ajali moja ambayo walimu wa michezo wameishuhudia mara nyingi kiasi cha kuiona ya kawaida. Msichana wa kidato cha pili anaruka kudaka pasi ya netiboli bila kuguswa na mtu yeyote, anatua kwa mguu mmoja huku kiwiliwili kikiwa kimekwisha kuanza kugeuka kumtafuta mwenzake wa kumpa mpira, goti linaingia ndani, na mara anaanguka akiwa amelishika kwa mikono miwili. Wapo wanaosema walisikia kitu kikikatika. Kufikia jioni goti limejaa, na nyumbani linakandwa kwa maji ya moto. Baada ya wiki mbili au tatu anatembea vizuri na kila mtu anaamini amepona, lakini siku anapojaribu kukimbia na kugeuka ghafla, goti linakosa nguvu na kumwangusha tena.

Kilichokatika mara nyingi ni ukano wa msalaba wa mbele, ambao wachezaji na watangazaji wa michezo huuita kwa herufi zake tatu, ACL. Ni ukano wenye urefu wa sentimita 3 hivi, unaopita katikati ya goti kutoka mfupa wa paja hadi mfupa wa muundi, na kazi yake ni kuuzuia muundi usiteleze kwenda mbele wala kujipinda kupita kiasi mtu anapogeuka. Ukichanika kabisa, aghalabu haujiungi wenyewe. Katika michezo ambayo wasichana na wavulana huicheza kwa kanuni zilezile, kama soka na mpira wa kikapu, tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba wasichana huchanika ukano huu mara 2 hadi 8 zaidi ya wavulana kwa muda uleule wa kucheza, na takriban asilimia 70 ya visa vyote hutokea pasipo kugongana na mtu. Mashabiki wa soka la wanawake watakumbuka jinsi jeraha hili lilivyowaondoa uwanjani Alexia Putellas mwaka 2022, Beth Mead na Vivianne Miedema mwishoni mwa mwaka huohuo, kisha Leah Williamson mwaka 2023, wote wakiwa nyota wa timu zao za taifa.

Hii haina maana kwamba wavulana hawaumii. Wao huvunjika mifupa na kuteguka mabega zaidi, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya kugongana na kuanguka, na huchanika misuli ya nyuma ya paja zaidi katika mbio za kasi. Wanapokuwa katika kipindi cha kurefuka haraka, wengi hupata maumivu chini kidogo ya goti, pale ukano wa kilegesambwa, yaani kifuniko cha goti, unapojishika kwenye mfupa unaokua. Wasichana kwa upande wao huongoza katika majeraha ya ukano wa goti, katika maumivu ya kuzunguka kilegesambwa, katika nyufa za mifupa zinazotokana na mazoezi ya kurudiarudia, na hata katika mtikisiko wa ubongo pale wanapocheza mchezo uleule kwa kanuni zilezile. Kwa hiyo tofauti iko katika aina ya jeraha na katika namna linavyotokea, na goti ndilo linaloieleza vizuri zaidi.

Jambo la kwanza la kulizingatia ni kwamba kabla ya balehe tofauti hii karibu haipo. Mtoto wa kike wa miaka 9 na wa kiume wa miaka 9 wanaruka na kutua kwa namna inayofanana, na magoti yao yana hatari inayokaribiana. Mambo hubadilika msichana anapoanza kurefuka kwa kasi, jambo ambalo kwa wastani humfika miaka 2 kabla ya mvulana. Mifupa ya paja na muundi inarefuka ndani ya muda mfupi, uzito unaongezeka, na kitovu cha mizani ya mwili kinapanda juu zaidi kutoka ardhini. Mvulana naye hupitia hayo, lakini homoni za kiume humjengea misuli mingi katika kipindi hichohicho, hivyo nguvu ya kuumudu mwili mpya inamjia karibu sambamba na mwili wenyewe. Kwa msichana, mwili mpya unafika mapema na nguvu ya misuli haiongezeki kwa kiwango hicho, isipokuwa aitafute kwa mazoezi.

Matokeo yake yanaonekana kwa macho matupu. Mwambie msichana wa miaka 14 asimame juu ya kiti kifupi chenye urefu wa sentimita 30 hivi, ashuke kwa miguu miwili na papo hapo aruke juu kwa nguvu zake zote, nawe usimame mbele yake uyatazame magoti yake yanapokutana na ardhi. Kwa wengi utayaona yanasogeleana, na utaona pia kwamba hutua wakiwa wamesimama wima, magoti na nyonga vikiwa havijakunjwa vya kutosha. Mwaka 2005 watafiti wa Marekani waliowapima wasichana wachezaji 205 kwa jaribio la namna hiyo waliripoti kwamba wale ambao baadaye walichanika ukano walikuwa na magoti yaliyoingia ndani zaidi, kwa nyuzi 8, kuliko wenzao. Jaribio hilo haliwezi kumwambia mwalimu ni mtoto yupi hasa ataumia, lakini linamwonyesha waziwazi nani anahitaji kufundishwa kutua.

Kutua kwa wima kuna ubaya wake mahususi. Goti likiwa karibu limenyooka, msuli mkubwa wa mbele ya paja unapokaza huuvuta muundi kwenda mbele, yaani upande uleule ambao ukano wa ACL unajitahidi kuuzuia. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo inayopaswa kuvuta kinyume na kuusaidia ukano, ila kwa wasichana wengi misuli hiyo ni dhaifu ikilinganishwa na ya mbele na hushtuka kuchelewa, na makalio, ambayo ndiyo yanayolizuia paja lisiingie ndani, nayo hayakuzoezwa. Uchunguzi wa picha za video za matukio halisi umeonyesha kwamba ukano huchanika ndani ya takriban milisekunde 40 tangu mguu uguse ardhi. Huo ni muda mfupi mno kwa mtu kutambua kwamba anatua vibaya na kujirekebisha, na kwa hiyo ulinzi wa goti lazima uwe umekwisha kuzoeleka mwilini kabla mguu haujagusa chini.

Hapo ndipo netiboli, mchezo unaopendwa zaidi katika shule zetu za wasichana, inapostahili uangalizi wa pekee. Kanuni zake hazimruhusu mchezaji kukimbia na mpira. Akiudaka hewani anapaswa kusimama karibu palepale alipotua na kuutoa ndani ya sekunde 3. Katika soka au mpira wa kikapu mchezaji anaweza kuimaliza kasi yake kwa hatua mbili tatu, ilhali katika netiboli kasi yote inapokewa na mguu mmoja, mara nyingi kwenye sakafu ngumu ya saruji au kwenye changarawe inayoteleza, na kwa raba zilizokwisha kuisha soli. Kifundo cha mguu ndicho kinachoteguka mara nyingi zaidi katika mchezo huu, lakini goti ndilo linalomweka mchezaji nje kwa muda mrefu.

Maelezo mengine husikika sana na hayana uzito sawa. Inasemwa kwamba nyonga pana za wanawake hulipinda paja kuelekea ndani, jambo ambalo kimaumbile lipo, lakini upana wa nyonga peke yake haujathibitika kuwa unaeleza nani anaumia na nani haumii. Nafasi ambamo ukano hupita ndani ya goti huwa nyembamba zaidi kwa wasichana wengi, na ukano wenyewe ni mdogo zaidi. Hilo lina mchango wake. Kuhusu homoni za hedhi, ukano una vipokezi vya homoni hizo na hulegea kidogo katika siku fulani za mzunguko, ingawa matokeo ya tafiti yanapingana kiasi kwamba haitakuwa sahihi kumzuia binti kucheza kwa kuhesabu siku zake.

Liko jambo ambalo kwa maoni yangu tunalipuuza zaidi kuliko yote, nalo ni namna tunavyowalea. Mvulana wa Manzese au Temeke huanza chandimu akiwa na miaka 5 au 6, na kwa miaka kumi mfululizo, kila jioni, anaruka, anapigwa chenga, anaanguka na kuinuka kwenye ardhi ya kila aina. Dada yake anacheza rede na kuruka kamba, michezo mizuri ajabu kwa kufundisha mwili kukwepa, kugeuka na kutua, lakini anapovunja ungo anaambiwa amekuwa mkubwa na hapaswi kurukaruka barabarani. Jioni zake zinahamia jikoni na kwenye kuchota maji. Yaani katika miaka ileile ambayo mwili wake mpya unahitaji kujifunza upya jinsi ya kutua, ndipo tunapomnyang'anya uwanja wa kujifunzia. Kisha akifika kidato cha pili anachaguliwa kwenye timu kwa sababu ni mrefu, anafanya mazoezi wiki mbili kabla ya mashindano, na goti lake likichanika tunasema wasichana ni dhaifu. Tangu mwaka 2021 wapo wanasayansi wanaodai hadharani kwamba tofauti za mafunzo, viwanja, viatu na muda zihesabiwe miongoni mwa vyanzo vya jeraha hili, na mtu anayeishi hapa jijini hahitaji kwenda mbali ili kuwaelewa.

Chakula nacho kina sehemu yake, hasa kwa upande wa mifupa. Msichana anayetoka nyumbani alfajiri kwa chai ya rangi na andazi moja, akapanda daladala mbili, akasoma hadi saa tisa na kisha akafanya mazoezi, anaweza kuwa anatumia nguvu nyingi kuliko anazoingiza mwilini. Hali hiyo ikiendelea, mwili hupunguza matumizi kwa kusitisha hedhi, homoni inayoimarisha mifupa inashuka, na mfupa unaanza kupata nyufa ndogo kwa mazoezi ambayo mwenzake aliyeshiba anayamudu. Hedhi iliyokoma kwa miezi 3 kwa binti mwanamichezo ni sababu ya kumwona daktari, na mama au mlezi asifurahie kwamba ametua mzigo.

Habari njema ni kwamba majeraha ya goti yanapungua sana kwa mazoezi yasiyohitaji fedha. Nchini Sweden zaidi ya wachezaji soka wa kike 4,500 wenye umri wa miaka 12 hadi 17 walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Timu zilizofanya mazoezi 6 ya kulinda goti kwa dakika 15, mara 2 kwa wiki, zilipata michaniko ya ACL pungufu kwa asilimia 64. Programu ya FIFA iitwayo 11+, inayochukua dakika 20 hivi, ilipunguza majeraha kwa jumla kwa karibu theluthi moja kwa wasichana wa Norway. Katika programu za aina hii kuna kuchuchumaa kwa mguu mmoja mbele ya mwenzako anayekutazama goti, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, kujizuia usianguke kifudifudi huku mwenzako amekushika vifundo vya miguu ili misuli ya nyuma ya paja ifanye kazi, na kuruka kisha kuganda ulipotua. Timu zinazofuata ratiba kikamilifu ndizo zinazonufaika zaidi. Mchakamchaka na kichurachura ambavyo shule zetu nyingi huvitegemea huongeza pumzi, lakini kuruka kichura mara mia kwa magoti yanayoyumba, tena kama adhabu, kunaufundisha mwili kosa lilelile tunalotaka kuliondoa.

Na kama jeraha limekwisha kutokea, goti lililovimba ndani ya saa chache lisichuliwe wala kukandwa kwa maji ya moto. Lipozwe kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, lifungwe bandeji, mguu uinuliwe, na mgonjwa apelekwe kwa daktari. Wazazi wengi hurudi nyumbani na picha ya eksirei wakiwa wametulia kwa sababu wameambiwa hakuna mfupa uliovunjika, ilhali eksirei haiuonyeshi ukano. Daktari wa mifupa, kama wale wa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, hulipima goti kwa mikono yake na akihitaji uhakika huagiza kipimo cha MRI, ambacho picha zake huuonyesha ukano. Jeraha hili lina gharama ya muda mrefu: wachezaji wa kike wa Sweden waliochanika ACL walipofuatiliwa baada ya miaka 12, wakiwa na wastani wa umri wa miaka 31, nusu yao picha zao zilionyesha magoti yaliyokwisha kuanza kusagika.

Si kila anayechanika hufanyiwa upasuaji, lakini kila mmoja huhitaji miezi ya kujenga upya misuli chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo. Miongoni mwa vijana walio chini ya miaka 25 wanaorudi uwanjani baada ya upasuaji, karibu 1 kati ya 4 huumia tena, ama goti lilelile au la pili, na hatari hiyo hupungua sana kwa wanaosubiri angalau miezi 9 na mguu ulioumia ukafikia asilimia 90 ya nguvu ya mwenzake. Binti aliyepasuliwa mwezi Juni basi hapaswi kuingizwa kwenye mechi kabla ya Machi ya mwaka unaofuata, hata kama timu ya wilaya inamhitaji na hata kama yeye mwenyewe anaapa kwamba hasikii maumivu.