Usasaleo katika majengo: lawama zinazobebeshwa mtindo

Dhana: kila ghorofa lenye umbo la ajabu ni usasaleo.
Sivyo. Usasaleo ni jibu kwa usasa, ule mtindo wa maboksi ya vioo na zege, na dalili zake zinajulikana: kunukuu historia, kutumia rangi, na mzaha wa makusudi. Nyumba ambayo msanifu Robert Venturi alimjengea mama yake huko Philadelphia, iliyokamilika mwaka 1964, ina paa lililopasuliwa katikati, tao la mapambo lisilobeba chochote juu ya mlango, na ndani kuna ngazi isiyofika popote. Kituo cha Pompidou mjini Paris (1977), chenye mabomba nje, ni cha mkondo mwingine unaojivunia mitambo. Na zile nguzo za Kirumi za saruji zinazopachikwa kwenye majumba mapya ya Dar es Salaam na Nairobi? Zinanukuu, ndiyo, lakini bila mzaha wowote. Huo ni uigaji tu.

Dhana: usasa ulikuwa mkweli, ukionyesha kinachobeba jengo; usasaleo ndio ulioleta mapambo.
Wanaosema hivi hawajautazama vizuri ukuta wa jengo la Seagram, New York, kazi ya Mies van der Rohe, msanifu mkuu wa usasa, ya mwaka 1958. Sheria za moto zilitaka chuma kinachobeba jengo kifunikwe kwa zege, kwa hiyo kiunzi halisi hakionekani. Vile vipande vya bronzi vyenye umbo la I vinavyopanda nje toka chini hadi juu havibebi sakafu hata moja. Viliwekwa ili jengo lionekane limeshikwa na chuma, na hupakwa mafuta mara kwa mara visigeuke rangi. Hayo ni mapambo. Jengo la AT&T (kampuni ya simu ya Marekani) huko New York, la Philip Johnson na John Burgee (1984), lenye kilele kilichokatwa kama kabati la kale, lina kiunzi cha chuma kilichovikwa graniti ya waridi. Tofauti ni kwamba lenyewe halikuyaficha mapambo yake.

Dhana: usasa ulikufa St. Louis kwa sababu usanifu wake ulishindwa.
Mhakiki wa usanifu Charles Jencks aliandika mwaka 1977 kwamba usasa ulikufa tarehe 15 Julai 1972, siku lilipolipuliwa jengo la mradi wa makazi wa Pruitt-Igoe huko St. Louis, Marekani. Kwanza, ubomoaji ulikuwa umeanza Machi mwaka huo. Pili, hadithi kwamba mradi ule ulipewa tuzo kubwa ya wasanifu ni uzushi.

Kubwa zaidi ni fedha. Minoru Yamasaki, msanifu wa mradi huo, alipendekeza mchanganyiko wa nyumba fupi na ndefu, lakini ukomo wa gharama ukaleta majengo 33 yanayofanana, kila moja lenye ghorofa 11. Lifti zilisimama ghorofa ya 1, 4, 7 na 10 tu ili kuokoa pesa, hivyo wengi walimalizia safari kwa ngazi. Serikali kuu ililipia ujenzi, ila matengenezo yalitegemea kodi za wapangaji. Wakati huohuo watu walikuwa wakiuhama mji: wakazi walipungua kutoka takriban 857,000 mwaka 1950 hadi 622,000 mwaka 1970. Nyumba zilipobaki tupu, kodi ilipungua, lifti na mabomba vikaachwa viharibike, na waliobaki nao wakaondoka. Hata jengo la matofali lenye vigae na bustani lingekufa kwa utaratibu huo.

Dhana: jengo la Portland lilivuja kwa sababu ya madoido yake.
Hapa usasaleo nao ulionja lawama ileile. Jengo hilo la ofisi za manispaa ya Portland, Marekani, la Michael Graves, lilifunguliwa mwaka 1982 likiwa na ghorofa 15 na bajeti finyu. Utepe wake maarufu wa mapambo ukutani haukupitisha maji. Yaliyopita, yalipita kwenye ukuta wa zege uliopakwa rangi na kwenye viungo vya madirisha: zege likipasuka kidogo au kizibo cha kiungo kikichoka, maji huingia moja kwa moja, kwa kuwa nyuma yake hakuna nafasi ya kuyatoa. Giza la ndani, hilo kweli lilitokana na ubunifu: madirisha madogo ya mraba yenye vioo vyeusi.

Ukarabati wa dola milioni 195, ulioanza mwaka 2017, uliufunika ukuta kwa paneli za alumini na kuacha pengo la hewa nyuma yake. Maji yanayopenya paneli hutiririka chini ndani ya pengo hilo kabla hayajagusa zege. Vioo vyeusi vikabadilishwa na vioo angavu. Tatizo likatibiwa, sura ya utepe ikabaki.

Dhana: majengo haya ni mapya mno kuhifadhiwa.
Mwaka 2017 ulitolewa mpango wa kuibandua graniti ya chini ya jengo la AT&T na kuweka vioo. Wasanifu wakaandamana, na Julai 2018 jiji la New York likalitangaza kuwa urithi. Ulinzi huo ni wa nje pekee; ukumbi wa kuingilia ulikuwa umeshabomolewa mapema mwaka huohuo.