Oksijeni ndani ya bureti: swali moja la gesi na la kasi ya mmenyuko

Swali ninalopenda kuwapa wanaojiandaa kwa mitihani ni la haidrojeni peroksaidi inayovunjwa kwa kichocheo cha potasiamu iodaidi: 2H₂O₂ → 2H₂O + O₂. Lina sheria za gesi na lina kasi ya mmenyuko, na linamlazimisha mtu ajue lini asahihishe kanieneo na lini aiache.

Tuchukue 25.0 cm³ za peroksaidi kwa 25 °C, jijini Nairobi, barometa ikisoma 83.0 kPa. Oksijeni inakusanywa juu ya maji kwenye bureti ya gesi (mrija wenye alama za ujazo). Dakika ya 5 ujazo ni 37.8 cm³, ya 10 ni 60.7, ya 15 ni 74.6, na mmenyuko ukiisha kabisa ni 96.0.

Kwanza, moli. Gesi iliyomo kwenye bureti imechanganyika na mvuke wa maji, ambao kwa 25 °C una kanieneo ya 3.17 kPa. Oksijeni peke yake ina 83.0 − 3.17 = 79.8 kPa. Kwa n = PV/RT, ukiweka paskali, mita za ujazo (96.0 × 10⁻⁶), R = 8.314 na 298 K, unapata moli 3.09 × 10⁻³. Moli za peroksaidi ni mara mbili yake, na zilikuwa ndani ya 25.0 cm³, yaani ukolezi wa takriban 0.247 mol/dm³. Wengi huandika 101.3 kPa kwa mazoea na kuusahau mvuke. Jibu lao linazidi kwa asilimia 27. Dar es Salaam, usawa wa bahari, 101.3 ingekaribia ukweli. Nairobi iko juu mno kwa hilo.

Sasa kasi. Hapa moli hazihitajiki. Maadamu jotoridi na kanieneo havibadiliki, peroksaidi iliyobaki inawiana na V∞ − Vt (ujazo wa mwisho kutoa ujazo wa wakati t), na masahihisho yote yanajifuta kwenye uwiano. Mabaki ni 96.0, 58.2, 35.3 na 21.4. Logi asilia zake (ln) ni 4.564, 4.064, 3.564 na 3.063: zinashuka 0.500 kila dakika 5. Mstari umenyooka, kwa hiyo ni oda ya kwanza kwa peroksaidi (kasi inawiana na peroksaidi iliyobaki), kasi thabiti k = 0.100 kwa dakika, na muda wa kupungua nusu ni 0.693/0.100 = dakika 6.93. Kumbuka k hii imebeba ndani yake ukolezi wa iodaidi. Ukiuongeza maradufu, k nayo inakuwa maradufu.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuchora ln Vt badala ya ln(V∞ − Vt). Vt ni kilichokwisha kuzaliwa, nasi tunafuatilia kilichobaki. La pili ni V∞ yenyewe. Mtu akichoka kusubiri na kuisoma mapema, inakuwa ndogo, na mstari unapinda kushuka kuelekea mwisho. Subiri dakika 70 hivi, yaani muda wa kupungua nusu mara kumi, ndipo usome. Kabla ya kila usomaji sawazisha maji ya ndani na ya nje ya bureti: tofauti ya sm 10 ni karibu 1 kPa. Mmenyuko huu hutoa joto pia, kwa hiyo chupa ikae kwenye beseni la maji ya 25 °C. Vinginevyo k inapanda katikati ya jaribio.

Rudia kwa 35 °C. Tuseme k ni 0.208 kwa dakika. Nishati ya kuanzisha mmenyuko (Ea):

Ea = R ln(0.208/0.100) ÷ (1/298.15 − 1/308.15)

Inatoka karibu 56 kJ/mol. Usikadirie mapema hapo kwenye mabano: tofauti ni 1.088 × 10⁻⁴ tu, na ukikata kila sehemu kwenye tarakimu mbili, 0.0034 − 0.0032, unapata 2 × 10⁻⁴ na Ea inashuka hadi karibu nusu. Aliyeweka 25 na 35 bila kugeuza kuwa kelvini atapata 0.53 kJ/mol. Hiyo ni ndogo hata kuliko RT (kipimo cha nishati ya joto ya molekuli), ambayo kwa 25 °C ni 2.48 kJ/mol. Kwa Ea ya 0.53, k isingeongezeka hata asilimia moja kati ya majotoridi haya mawili, ilhali data inaonyesha imezidi maradufu.