"Wote hawajalipa": ukanushi umekaa wapi?

Mwezi jana nilituma ujumbe kwenye kundi la chama chetu cha mtaa, hapa Majengo, Mombasa: "Wanachama wote hawajalipa." Mimi ndiye mweka hazina, na nilikusudia kusema kwamba hela hazijatimia, wapo waliobaki. Dakika haikwisha, bi mkubwa mmoja akanirekodia sauti: "Mwanangu, mie nishatoa tangu Ijumaa. Hiyo 'wote' yako yanitia na mie?"

Aibu ilinipata maradufu, maana kazi inayonipa ugali ni kuandika programu za kuchambua maana ya sentensi za Kiswahili.

Aliyefanya mtihani wa Kiswahili kidato cha nne anaujua mchezo huu: eleza maana mbili za sentensi. Mwanafunzi hueleza kwa maneno, akapata alama zake. Kompyuta inataka fomula, kitu ambacho inaweza kukitumia kuuliza: kama hili ni kweli, lipi jingine ni kweli? Ujumbe wangu basi unazaa mbili:

∀x (mwanachama(x) → ¬amelipa(x))

¬∀x (mwanachama(x) → amelipa(x))

Alama ∀ isome "kila", na → isome "basi". Ya kwanza yasema: mshike mwanachama yeyote, huyo hajalipa. Ya pili: si kweli kwamba kila mmoja amelipa. Kilichohama ni kialama cha ukanushi tu, ¬. Lakini kwa fomula ya kwanza unaweza kuhitimisha kwamba bi mkubwa ana deni. Ya pili haikupi ruhusa hiyo.

Njia ya kutoka kwenye maneno hadi kwenye fomula ilifunguliwa na Richard Montague, mwanamantiki wa Marekani, aliyedai mwaka 1970 kwamba hakuna tofauti kubwa ya kinadharia baina ya lugha za watu na lugha za wanamantiki. Kila neno hupewa kipande cha fomula chenye pengo, kwa kutumia kalkulasi ya lamda, mfumo wa mwanamantiki Alonzo Church wa kuandika na kujaza mapengo ya aina hiyo. Sarufi inapounganisha maneno, mapengo hujazana. Kwa Kiingereza ukanushi mara nyingi ni neno linalosimama peke yake. Kwetu umegandana na kitenzi: ha-wa-ja-lipa. Programu yangu ya mwanzo ilikimeza kitenzi kizima, ukanushi ukafungiwa humo humo, kisha "wote" ikaja kukaa juu yake. Fomula ya kwanza tu, siku zote. Yaani ilisikia vile vile alivyosikia bi mkubwa. Ilinibidi niifundishe kuchomoa "ha-" na kuijaribu pande zote mbili.

Kwingine viambishi vyetu ni msaada mkubwa. Chukua hii: "Kila hamali mwenye mkokoteni huusukuma mwenyewe." Itazame huusukuma: "hu-" ya mazoea, halafu "u" ya mkokoteni. Mkokoteni upi? Nenda soko la Kongowea uone, hakuna mmoja unaosemwa hapa. Ukiandika "kuna mkokoteni" ndani ya maelezo ya hamali, mabano yanafungwa kabla ya kitenzi kufika, na ile "u" inabaki nje, yatima. Mwanafalsafa Peter Geach aliliweka tatizo hili mezani mwaka 1962, kwa mfano wa mtu anayempiga punda wake. Mwaka 1981 Hans Kamp, mwanafalsafa wa lugha, akapendekeza maana ijengwe kama masanduku: kinachotajwa hutiwa sandukuni, kikangoja kurejelewa. "Kila" huleta masanduku mawili, la sharti na la matokeo, na vilivyomo katika la kwanza huonekana kutoka la pili. "U" yetu inapata mwenyewe.

Na haipati mwingine, kwa sababu "u" haiwezi kuwa mtu. Ukibadilisha mkokoteni kwa punda, raha imekwisha: "humpiga" inaweza kuwa punda, au jirani aliyetajwa sentensi iliyopita.

Kuna mtindo mwepesi zaidi, AMR (Abstract Meaning Representation), uliotoka mwaka 2013, unaochora maana ya sentensi kama grafu, yaani vidoti vilivyounganishwa kwa mistari. Naupenda kwa kuwa mtu anauandika kwa mkono bila kuumwa kichwa. Ila umeacha njeo, na haubainishi kati ya "wote" na ukanushi nani yuko juu ya mwenzake, nami nilitaka hilo hasa. Modeli kubwa za lugha nazo hukisia maana iliyozoeleka, na mara nyingi hupatia. Hela za watu sitaki zikisiwe.

Chamani nilifuta ujumbe, nikaandika upya: "Kuna wanachama ambao hawajalipa." Yaani ∃x (mwanachama(x) ∧ ¬amelipa(x)), ambapo ∃ ni "kuna" na ∧ ni "na", ambayo kimantiki ni ile ile fomula ya pili, imevaa nguo nyingine. Bi mkubwa akatulia.

Halafu kundi zima likaanza: "Kina nani hao?"