Mungu wa Wanaongoja Upepo

Orodha yangu ya kwanza ya miungu, niliyoitunga kwa ajili ya mchezo wetu wa kuigiza wahusika, ilikuwa na majina kumi na mawili: wa vita, wa bahari, wa mauti, wa mavuno, na kadhalika. Kila mmoja nilimpa silaha, rangi na mnyama wake. Kazi ya mwezi mzima. Tulipokaa kucheza, barazani Mji wa Kale, Mombasa, tunapokutana Jumamosi baada ya alasiri, mchezaji aliyechagua kuwa kuhani aliisoma karatasi kimya kimya, kisha akaniuliza: "Sasa huyu mungu wangu anataka nini kwangu?"

Sikuwa na jibu. Nilijua mungu yule anaweza nini. Sikujua anadai nini, nani anamhitaji, wala kwa nini mvuvi aamke alfajiri kumpelekea chochote. Tangu siku ile, kila mungu ninayemtunga naanza na yule anayemwomba. Nikishindwa kusema mtu huyo atapoteza nini akiacha kuomba, namfuta.

Kwa wasioujua mchezo huu: kila mtu mezani anaigiza mhusika wake, msimulizi mmoja anaeleza ulimwengu na yaliyomo, na pale penye shaka dadu huamua. Ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974 kwa jina Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, na makuhani walikuwamo tangu mwanzo. Mwaka 1976 kikatoka kijitabu cha nyongeza kilichoipa miungu yenyewe pointi za uhai, yaani hesabu ambayo ikipunguzwa na mapigo hadi kwisha aliye nazo hufa, kama nyati wa kuwindwa. Naelewa sababu, maana kanuni zinataka hesabu. Lakini mungu mwenye pointi za uhai ni mnyama mkubwa tu, na wachezaji watafanya naye kile wanachofanya na wanyama wakubwa.

Ulimwengu wetu una mji wa bandari uitwao Vipwani, na pepo zake nimeziazima hapa hapa kwetu. Kaskazi ililetea pwani hii majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Nahodha aliyechelewa kuuza shehena yake, upepo ukampita, alikaa mpaka msimu mwingine. Wafikirie watu hao. Wanadaiwa chakula, wanadaiwa malazi, mabaharia wao wameanza kuoa mjini, na huko kwao wake hawajui kama waume wamezama au wako hai. Bandari imejaa watu wa namna hiyo, na katika orodha yangu hapakuwa na mungu hata mmoja wa kuwasikiliza. Wa bahari nilikuwa naye, lakini mtu aliyekwama nchi kavu amwendee kwa lipi?

Ndipo akazaliwa Mwana Tuo. Hana silaha. Ana masharti matatu. Aliyekwama alipe deni moja lisilo lake kabla ya kutweka tanga. Mbele ya madhabahu yake mtu asiulize siku ya kuondoka. Na upepo ukija, kila chombo kimwachie kipande cha kamba mlangoni pake.

Masharti hayo matatu yametupa hadithi nyingi kuliko silaha zote kumi na mbili. Deni lisilo lako linakulazimisha uwajue watu wa mtaani. Swali lililokatazwa linamfanya mwenye haraka ajisaliti. Na zile kamba! Mchezaji mmoja aliiba moja ashukie ukuta wa boma, na wiki iliyofuata jahazi la mwenye kamba likaonekana tena bandarini, nahodha ameduwaa, hajui amerudije. Tulicheza miezi miwili juu ya kamba ile.

Mungu wa wavuvi, Mzee Kipwa, nilimtoa kwenye maji yenyewe. Mezani sasa tuna kalenda ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu linakuja bamvua. Ukiwa nusu, maji yanakuwa mafu. Kuhani wake huongeza 2 kwenye dadu ya pande 20 siku za bamvua, na hupunguza 2 siku za maji mafu. Hiyo ni hesabu tu. Utamu uko kwingine: bamvua hujaza sana na pia hukupwa sana, mpaka watu wanatembea juu ya mwamba kutafuta pweza. Kwa hiyo siku za nguvu zake ndizo siku ambazo kilichofichwa chini ya maji huonekana, na kuhani wa Mzee Kipwa haruhusiwi kusema uongo siku hizo. Nguvu na kizuizi vimetoka kwenye maji yale yale, na hakuna mchezaji aliyewahi kuniomba nimpunguzie kizuizi hicho.

Watunzi wengi hugawia miungu kazi kama wizara za serikali, kila mmoja na idara yake na mpaka wake. Miungu iliyoabudiwa kweli haikukaa hivyo. Poseidon wa Wagiriki alikuwa na bahari, matetemeko ya ardhi na farasi. Ogun wa Wayoruba ni wa chuma, akawa wa wahunzi, wawindaji na wapiganaji, na magari yalipokuja madereva na mafundi nao wakawa wake, kwa sababu gari ni chuma. Haja za watu zinahama, na mungu anahama nazo. Mwana Tuo naye, bila mimi kupanga, ameshapata wafungwa na wanawake wanaongoja ujauzito. Walianza kumwendea wachezaji wenyewe, nami nikaandika.

Kuhusu majina sina mengi. Nyanya yangu usiku hakutaja nyoka, alisema kamba. Kinachoogopwa sana hakiitwi kwa jina lake, ndiyo maana mungu wa vyombo vilivyovunjika baharini, Vipwani wanamwita Jirani tu.

Kuna mpaka nisiovuka. Mimi ni Muislamu, mezani wapo Wakristo na wapo wa asili ya Kimijikenda, na jina la Mwenyezi Mungu haliingii kwenye mchezo wetu, wala manabii. Kilichonichukua muda zaidi kujifunza ni kuhusu jirani zetu. Wakati fulani nilichora hekalu na kulipamba kwa nguzo zilizofanana na vigango, nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huwasimamishia wazee wao waliokufa. Mchezaji Mgiriama akaniambia taratibu kwamba kigango si pambo, ni mzee wa watu. Vingi vimeibwa vilikosimamishwa na kuuzwa ng'ambo, na ukoo unaamini msiba unafuata. Nikafuta mchoro ule siku hiyo hiyo. Misitu ya kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ni mahali pa ibada ya watu walio hai. Naazima upepo, maji na biashara. Tambiko la mtu siliazimi.

Mpangilio wa miungu yote pamoja nimeujifunza kwenye historia ya mji huu. Waswahili wa Mombasa wanajulikana kama Thenashara Taifa, lakini kumi na mbili hizo ni makundi mawili, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, kila kundi na kiongozi wake na kumbukumbu yake. Umoja wao ulikuwa mapatano, na mapatano yana historia ya ugomvi. Basi Vipwani nayo ina miungu tisa ya kisiwani na mitatu ya ng'ambo ya mkono wa bahari, na hakuna baba wa miungu aliyewagawia viti.

Kilichobaki kilikuwa sababu ya ugomvi, na hiyo nimeipata Babeli. Sanamu ya Marduk, mungu mkuu wa mji huo wa kale, ilichukuliwa na maadui zaidi ya mara moja, Wahiti kisha Waelami. Wababeli hawakusema mungu wao ametekwa. Yapo maandishi yao ambamo Marduk mwenyewe anasema alisafiri kwa hiari yake. Nilipoyasoma nilisimama nikazunguka chumba. Kwa hiyo waumini wa tisa wanasema ile mitatu ililetwa mateka baada ya vita. Waumini wa mitatu wanasema ilivuka yenyewe, usiku, maji yakiwa mafu, na kwamba Mwana Tuo ndiye aliyeishika mkono.

Jumamosi ijayo wachezaji wanavuka kwenda kuapa mkataba kwenye hekalu la ng'ambo. Kiapo kina neno moja linalobadilika kulingana na anayelisema: "walioletwa" au "waliokuja". Kuhani wetu ni wa Mwana Tuo, na yeye ndiye atakayeanza kuapa.