Mguu wa matende: kuosha sawa, ila umeukausha?

Mimi ni nesi, niko hospitali moja huku Lindi, na kila asubuhi kabla madokta hawajaanza kuita majina tunasimama mbele ya mabenchi kutoa elimu ya afya, sisi tunaongea wagonjwa wanasinzia, ndo kawaida. Ila mada ikiwa matende na mabusha hasinzii mtu, wazee wanaanza kutaniana na lazima mmoja atasema busha linaletwa na madafu.

Madafu hayahusiki jamani, kunyweni. Ni mbu. Anakuachia vijidudu vinakua minyoo myembamba kama uzi, inakaa kwenye mishipa ya limfu, ile inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, miaka 6 mpaka 8 hivi inaiharibu taratibu, na watoto wa minyoo hiyo wanajaa kwenye damu usiku, kwahiyo ukiona wapimaji wanakuja kutoboa vidole saa nne usiku usiseme ni mumiani. Zile dawa za kingatiba tunazogawa kwa kupima urefu zinaua hao watoto ili mbu asipate cha kumpelekea jirani yako. Busha lina operesheni, wala sio kubwa. Lakini mguu ulioshavimba siku nyingi haurudi kwa vidonge, na hapo ndo watu wanakata tamaa wanaenda kuchanjwa chale.

Sasa niseme kosa langu. Kuna bibi mmoja analima mpunga, nilimwambia bibi osha mguu kwa maji na sabuni asubuhi na jioni, akaitikia vizuri tu. Karudi baada ya wiki kadhaa ana homa, mtoki umevimba, mguu wa moto. Nikamuuliza bibi hukuosha? Akanijibu "mwanangu naosha mpaka sabuni inaniishia". Nikapanua vidole viwili vya mwisho, ngozi katikati nyeupe, imelowana, imechanika kama karatasi iliyomwagikiwa chai. Alikuwa anaosha anavaa raba mguu ukiwa mbichi anaenda shamba! Mimi nilisema osha, kukausha sikusema, nikaona anajua.

Na maumivu yale ya ghafla, yenye homa na mtoki kama ya bibi, yanatokana na bakteria wanaoingia kwenye hiyo michaniko, na kila yakikupiga mguu unazidi kuwa mnene. Kwahiyo siku hizi nakuja na beseni kabisa. Maji ya kawaida yasiwe ya moto, sabuni yoyote ya kuogea, unaosha kwa mkono taratibu usisugue na dodoki, unasuuza mpaka povu liishe, halafu unachukua kipande cha kanga kuukuu kisafi unagandamiza, usifikiche. Katikati ya vidole pitisha kitambaa kidole kimoja kimoja, kama vimebanana sana kikunje kiwe chembamba. Ukiona pamechanika njoo tukupe dawa ya kupaka. Ukikaa weka mguu juu ya kigoda, ukilala weka mto chini yake, na kifundo uwe unakizungushazungusha.

Siku mtoki ukikushika hayo mazoezi acha, pumzika, weka kitambaa cha maji baridi, kunywa maji, njoo hospitali siku hiyohiyo maana utahitaji antibayotiki. Usichanje, usikande na maji ya moto, na yale majani ya kubandika mwachie aliyekushauri abandike kwake.