Mpaka wa kisheria wa hifadhi: maana yake kwa jirani wa Mkomazi

Mpaka wa kisheria wa hifadhi ni ule ulioelezwa kwa maneno, na aghalabu kuchorwa kwenye ramani, katika tangazo lililochapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Bikoni ya saruji porini, kibao cha barabarani, mkuza uliofyekwa na askari: hizo ni alama zake tu. Bikoni ikisimikwa mahali pasipo pake, mpaka unabaki palepale ulipotangazwa.

Kwetu Tanga mfano wa karibu ni Mkomazi, nyika kavu iliyolala nyuma ya milima ya Usambara na Upare na kuungana na hifadhi ya Tsavo Magharibi ya Kenya. Lilikuwa pori la akiba tangu 1951, likapandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, lenye kilometa za mraba zipatazo 3,245. Kwa Sheria ya Hifadhi za Taifa, Rais ndiye anayetangaza hifadhi, kwa ridhaa ya Bunge. Kwa hiyo mhifadhi, mkuu wa wilaya au mwenyekiti wa kijiji hawezi kuusogeza mpaka hata hatua moja, wala kwa maneno ya mkutano wa hadhara.

Maelezo ya mpaka huanzia nukta moja, yakafuata mto, barabara au mgongo wa kilima, hadi kurudi yalipoanzia. Milimani kuna vitu vya kufuata, lakini tangazo likisema mpaka unapita "chini ya mlima", chini hapo ni wapi? Mpimaji atataja mwinuko, mkulima atataja mahali shamba la babu yake lilipoishia. Mto nao huhama mvua zikizidi. Nyikani hakuna cha kufuata, basi huchorwa mstari mnyoofu. Ukingo wa kaskazini wa Mkomazi ni mpaka wa nchi, uliotokana na makubaliano ya Wajerumani na Waingereza ya 1886: kutoka mdomo wa mto Umba kwenda Ziwa Jipe. Tembo huuvuka bila kujua kama umepita hapo.

Siku hizi mistari hii hupimwa kwa latitudo na longitudo, na mpimaji huja na jipiesi mkononi, kifaa kinachopima mahali kwa satelaiti. Ni jambo jema, ila vipimo vipya visipolinganishwa na maneno ya tangazo mbele ya wazee wanaolijua eneo, ugomvi huzaliwa upya.

Halafu kuna swali ambalo naliona zito kuliko mstari wenyewe: aliyemo ndani ya mpaka ana haki gani? Mwaka 1951 baadhi ya familia za wafugaji wa Kiparakuyo ziliruhusiwa kuendelea kuishi Mkomazi. Mwaka 1988 wafugaji waliondolewa. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani haikuwarudishia ardhi. Mstari na haki ni mambo mawili, na sheria nzuri huyaandika yote mawili waziwazi. Huko California, Marekani, sheria ya mwaka 2000 iliyoanzisha eneo la hifadhi la milima ya Santa Rosa na San Jacinto, linaloshuka hadi jangwani, inasema hifadhi ni ardhi ya serikali kuu iliyomo ndani ya mpaka wa ramani. Shamba la mtu binafsi lililozungukwa na mstari huo halimo, hadi mwenyewe aliuze au alitoe kwa hiari.

Kwetu, sheria za ardhi za 1999 zimegawa ardhi mafungu matatu: ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi. Kipande kimoja hakiwezi kuwa cha kijiji na cha hifadhi kwa wakati mmoja, ingawa makaratasi huweza kudai hivyo. Migongano ya namna hii imeenea nchini kiasi kwamba Januari 2019 Rais John Magufuli aliagiza kusitishwa kwa uondoaji wa vijiji vinavyodaiwa kuwa ndani ya hifadhi, na kamati ya mawaziri ikapewa kazi ya kuvipitia.

Anayeishi Mwakijembe au bonde la Umba, akiambiwa yumo hifadhini, aulize namba ya Tangazo la Serikali na mwaka wake, kisha aombe maelezo ya mpaka yasomwe sambamba na ramani ya kijiji kwenye ofisi ya ardhi ya wilaya. Aende na serikali ya kijiji chake, na cheti cha ardhi ya kijiji kama kipo.